Kijana Aliyesoma kwa Masikio

Nilipelekwa Usenge, kando ya ziwa, miaka ya themanini ikielekea kwisha, kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Nilikuwa msichana wa mjini, mzaliwa wa Kaloleni, Kisumu, kutoka nyumba ambayo baba alizungumza Kiswahili cha wazazi wake waliotoka pwani na mama akamjibu kwa Kidholuo cha kwao. Lugha zote mbili nilikuwa nazo. Nisichokuwa nacho ni mazoea ya mahali ambapo omena, wale dagaa wa ziwani, huanikwa mpaka karibu na mlango wa chumba ulichopanga, na wenyeji huutazama ushungi wako kwanza kabla ya kukusalimia.

Darasa lilikuwa ndani ya kanisa la udongo lisilo na dari, karibu na bichi, pale boti za wavuvi zilipotua. Wazee wa kanisa walituruhusu kulitumia alasiri. Nilipewa ubao, chaki, na vitabu vya kwanza vya Kidholuo vyenye picha ya mtumbwi kwenye jalada. Nilitarajia wanafunzi wa umri wa baba yangu, lakini waliokuja wengi wao walikuwa vijana: wasichana waliogeuza omena juani, wavulana wa kuvuta nyavu, mabinti walioolewa mapema waliokuja na watoto mgongoni. Karibu wote walikuwa wamewahi kukaa kwenye dawati, wakatoka darasa la pili au la nne bila kuambulia kitu. Watoto wa shule ya msingi wakipita na sare zao waliwapigia kelele, "Ngumbaru! Ngumbaru!" Hilo lilikuwa jina la masomo ya wazee, na kwa kijana wa miaka kumi na minane lilikuwa tusi. Kwa hiyo walipitia nyuma, kwenye uzio wa minyaa, wameficha vitabu ndani ya mashati.

Ratiba yangu ilipangwa na mwezi. Omena huvuliwa usiku wa giza, wakivutwa na mwanga wa karabai. Siku za giza wavulana walikuja macho mekundu, au hawakuja kabisa. Mwezi ukiwa mpevu boti zilipumzika, na benchi zikajaa hadi wengine wakakaa sakafuni. Nilizoea kuanza herufi mpya mwezi ukiwa mkubwa, na kurudia za zamani ukiwa haupo.

Katika darasa lile alikuwemo kijana mmoja aliyesoma vizuri kuliko wote. Alikuwa mrefu, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti iliyotulia ambayo ilikufanya uache unachofanya. Nilipomwita asome, alisimama, akakishika kitabu kwa mikono miwili, akasoma ukurasa mzima bila kukwama, akipumzika penye nukta kama mtu aliyekulia kwenye vitabu. Wenzake walimtazama kwa wivu. Mimi nilimtazama kwa shukrani, kwa sababu siku nyingine nilijiuliza kama kuna chochote kinachoingia vichwani mwao, naye ndiye aliyekuwa jibu langu.

Kaka yake alikuwa msimamizi wa boti, mwanamume wa kifua kipana aliyekuja kusimama dirishani kumsikiliza. Siku moja alinisubiri nje. Aliongea nami Kiswahili, labda kwa kuniheshimu kama mgeni.

"Mwalimu," alisema, "huyu kijana ndiye macho yangu. Baba yetu alikufa mimi nikiwa darasa la tano. Nikaacha shule, nikaingia kwa maji, ndio huyu asome. Kila Jumapili anatusomea Neno nyumbani. Ile kitu imebaki ni cheti tu. Wewe mpatie cheti."

Nikamwambia cheti kitakuja na mtihani, na kwamba ndugu yake sina wasiwasi naye hata kidogo.

Afisa wa elimu ya watu wazima alikuja kutoka wilayani wakati wa mwezi mpevu, darasa likiwa limejaa. Alikuwa mtu mpole, aliyekaa nyuma na kofia yake gotini. Mwishoni aliomba amsikie mwanafunzi mmoja akisoma. Sikufikiria mara mbili, nikamwita yule kijana. Afisa akachomoa mfukoni kitabu kidogo cha Kidholuo ambacho hatukuwa nacho, kilichoeleza namna ya kuchemsha maji ya kunywa, akamfungulia ukurasa.

Kijana alikishika kwa mikono miwili. Akaanza kwa sauti ileile nzuri: "Huu ni mtumbwi. Mtumbwi uko ziwani. Baba ana wavu." Ulikuwa ukurasa wa kwanza wa kitabu chetu. Aliusoma wote, na penye nukta akapumzika.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Msichana mmoja aliinamisha uso juu ya mtoto wake. Afisa alitazama kitabu mkononi mwa kijana, akanitazama mimi, kisha akasema taratibu, "Asante, kijana, keti." Lakini kijana hakuketi. Alikiweka kitabu kwenye benchi, akatoka kwa mlango wa mbele, ule ambao wenzake waliuogopa, akashuka kuelekea majini.

Wiki ile hakurudi, wala iliyofuata. Nikaenda kumtafuta. Nilimkuta chini ya kivuli cha boti iliyopinduliwa, akishona wavu. Vidole vyake vilienda upesi, vikitafuta tundu na kulifunga bila yeye kutazama. Nilikaa mchangani, mbali kidogo naye, watu wasije wakasema. Tulizungumza Kidholuo.

"Umeshika kitabu kizima kichwani," nilimwambia.

"Nilikuwa nawasikiliza wengine wakisoma kabla yangu. Ukinisomea kitu mara mbili, kinakaa."

"Na Biblia ya Jumapili?"

"Ni yale yanayosomwa kanisani asubuhi. Jioni nayarudia nyumbani kabla hayajatoka."

Nikamuuliza anaona nini akitazama ukurasa. Alifikiri sana kabla ya kujibu, na nilihisi kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Naona alama. Moja moja nazijua. Zikikaa pamoja zinabadilishana mahali. Nikishika ya mbele, ya nyuma imeondoka. Shuleni mwalimu alinichapa mpaka nikajua ni heri kusikiliza." Aliuvuta uzi, akaukata kwa meno. "Kaka yangu hajui. Usimwambie, Mwalimu. Aliacha shule kwa ajili yangu."

Siku hizi nasikia wapo watu waliosomea jambo hilo, na lina jina. Wakati ule tulilijua kwa jina moja tu, kichwa kigumu, na mimi katika mafunzo yangu sikuwa nimeambiwa lolote zaidi. Nilichokuwa nacho ni yale aliyonieleza pale mchangani. Nikamwambia aje mapema, kabla ya wengine, tuanze upya, na kwamba sitamsomea chochote kwanza. Hakuahidi. Lakini siku ya tatu nilipofika kanisani nilimkuta amekaa mlangoni.

Tulianza na herufi mbili zilizomsumbua kuliko zote, b na d. Katika Kidholuo *bel* ni mtama na *del* ni ngozi, na yeye hakuweza kuzitofautisha kwenye karatasi hata kama maisha yake yangetegemea hilo. Nikaacha karatasi. Nilimtaka aziandike kwenye vumbi la uwanja kwa mkono mzima, kubwa kama jembe, huku akitamka sauti ya kila herufi. Alipokosea hatukufuta, alitembea juu yake akaandika nyingine mbele. Kisha yeye mwenyewe akaja na kipande cha kamba ya wavu, akaipinda iwe herufi, akafumba macho na kuipapasa. Vidole vyake vilikumbuka kile ambacho macho yalikataa. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na matumaini, ingawa sikumwambia.

Ilikuwa kazi ya taabu. Wale wasichana wenye watoto mgongoni walimpita, wakamaliza kitabu, wakaanza cha pili. Yeye alikuwa bado anasoma maneno mafupi, kidole chini ya kila herufi, jasho likimtoka kama anayevuta nyavu. Sauti yake nzuri ilipotea. Akisoma kweli, alisoma kama mtu mwenye kigugumizi. Mara nyingine aliomba nimsomee mara moja tu, nami nilikataa. Siku moja alikasirika, akatupa kitabu, akaondoka, kisha akarudi akakiokota na kukifuta kwa shati lake.

Wakati huohuo kaka yake alianza kupungua mwili. Mwanzoni watu walisema ni malaria, kisha kifua. Kisha wakaanza kusema *chira*, ugonjwa wa mtu aliyevunja mwiko wa nyumbani, na wakalisema hilo kwa sauti ya chini akishapita. Miaka ile ilikuwa imeanza kutokea hivyo kando ya ziwa lote. Benchi langu moja lilipata nafasi, halafu jingine. Msichana aliyekuwa akiketi karibu na dirisha alimzika mumewe, akarudi darasani mara moja, kisha hakurudi tena. Hatukuutaja ugonjwa wenyewe. Nadhani wengi wetu tulikuwa tumesikia jina lake kwenye redio, lakini kulitamka mbele ya mgonjwa lilikuwa jambo ambalo mtu mwenye adabu hakulifanya.

Kaka alipoacha kwenda ziwani, nilienda kumwona nikiwa na sukari na majani ya chai. Alilala kwenye mkeka ndani ya nyumba yao ya bati, kile kifua kipana kikiwa mbavu tupu. Mkewe alinipa kiti. Yule kijana alikuwa amechuchumaa kando ya kaka yake. Tulizungumza mambo ya mvua, ya bei ya mafuta ya taa. Halafu mgonjwa akasema, "Nisomee Neno kidogo. Mwalimu naye akusikie."

Kijana hakuinuka kuchukua kitabu. Alitazama mikono yake.

"Kaka," alisema, "mimi sijui kusoma. Sijawahi kujua. Yote niliyowasomea nilikuwa nimeyasikia kanisani. Sasa ndio Mwalimu ananifundisha."

Mke wa kaka aliacha kupepea moto. Mgonjwa alifumba macho, hata nikadhani hataki kutuona. Nilitaka kuaga nikashindwa nianze vipi. Mwishowe alisema, bila kufumbua macho:

"Basi soma mpaka pale ulipofika."

Kijana alichukua kitabu chetu cha kwanza, chenye mtumbwi kwenye jalada. Alikiegemeza gotini, akaweka kidole. Ukurasa ule ulikuwa wa mama anayekwenda kuchota maji, mistari michache tu. Alisoma neno, akakwama, akarudi nyuma, akalisoma tena. Katikati mtoto wa kaka aliingia akaomba uji, mama yake akamnyamazisha kwa mkono. Kijana alipofika mwisho, uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Kesho utasoma unaofuata," kaka yake alisema.

Akaendelea kusoma unaofuata, kila siku, mpaka mgonjwa alipofikia hali ya kutosikia. Sijui kama walizungumza tena juu ya ule uongo wa miaka mingi. Sikuuliza. Niliona tu kwamba darasani alianza kukubali kusoma mbele ya wengine kwa ile sauti yake mpya, iliyojikwaa, na wenzake wakamngoja.

Kaka alifariki mwanzo wa mvua. Matanga yalipoanza, familia ilikaa kuandika historia ya marehemu, ile inayosomwa siku ya mazishi ili watu wote wajue alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, ameacha nani. Waliniomba niwasaidie kuiandika. Ndugu waliitoa kwa mdomo, mimi nikaandika kwa Kidholuo, kwa herufi kubwa zenye nafasi, kwa sababu tayari nilikuwa nimejua kijana anafikiria nini. Tulipomaliza, baba yao mdogo, mzee wa kanisa, alinyoosha mkono apewe karatasi. Yeye ndiye aliyesoma historia za watu wote wa ukoo ule.

"Nitasoma mimi," kijana alisema.

Mzee alimtazama. Habari za yule afisa zilikuwa zimefika kila mahali. "Mwanangu, watakuja watu kutoka Bondo, kutoka Kisumu. Watakuja wenye boti. Usituaibishe juu ya kaburi."

"Baba, nitasoma mimi."

"Mwalimu, mwambie."

Niliogopa. Mimi mgeni, mwanamke, Mwislamu, kwenye matanga ya watu, nikiulizwa jambo la kuamua kati ya mzee na kijana wake. Nilimwambia mzee kwamba kusoma anajua, ila atachukua muda mrefu, na kama watu hawana haraka, wamwache. Mzee alishika kidevu. Mjane, aliyekuwa ameketi chini amejifunika leso, ndiye aliyekata shauri. "Marehemu alikuwa anamngoja," alisema. "Na hao wengine watamngoja."

Siku ya mazishi jua lilichoma kana kwamba haijawahi kunyesha. Walinikalisha pamoja na wanawake wa kanisa, wakanipisha kwenye kivuli cha turubai. Kijana alisimama kando ya jeneza na karatasi mikononi. Alianza, na kutoka neno la kwanza watu waliokuwa nyuma wakaanza kugeukiana, kwa maana walimjua kwa uimbaji wake, na hii haikuwa sauti waliyoijua. Alisoma kama mtu anayetembea gizani, mguu mmoja baada ya mwingine. Mahali alipozaliwa marehemu. Majina ya wazazi. Mtu mmoja mlevi kule uani alisema kwa sauti, "Mpeni anayejua!" Akanyamazishwa, nadhani kwa kofi.

Alipofika penye sentensi inayosema, "Baba yetu alipofariki, aliacha shule ili ndugu yake asome," alikwama. Kidole chake kilisimama chini ya neno moja. Alilianza, akaliacha, akalianza tena. Hili neno alilijua. Tulikuwa tumelipitia mara nyingi. Angeweza kulitamka kwa kukumbuka, kwa sababu sentensi yote aliitoa yeye mwenyewe kinywani mwake nikiiandika. Lakini hakutaka kulisema kwa kukumbuka. Nilimwona akiinamia karatasi, akitafuta herufi kwa macho, zikimkimbia, akizitafuta tena. Midomo yangu ilishaanza kulitamka. Mzee wa kanisa alisogea hatua moja, mkono umeanza kunyooka.

Kijana aliinua kiganja kumzuia, bila kumtazama. Umati wote ukatulia. Nilisikia turubai likipigwa na upepo, na mtoto mdogo wa marehemu akimuuliza mama yake kitu. Wale wenye boti waliotoka mbali walisimama kofia mikononi, wakimtazama mtu akisoma neno moja.

Akalisoma. Kisha lililofuata, na lililofuata, mpaka mwisho, mpaka jina la mtoto wa mwisho aliyeachwa. Akaikunja karatasi mara mbili na kuitia mfukoni. Hapo ndipo kilio kilipoanza, kile kilio cha mazishi ya upande ule kinachoanzia kwa wanawake na kuenea, na mimi nililia nao, ushungi wangu umeniteleza begani, nisijali.

Baada ya mazishi hakurudi darasani isipokuwa mara chache. Alikuwa na watoto wa kaka wa kulisha na mjane wa kumtunza kama shemeji, na boti ilihitaji msimamizi. Cheti hakukipata, kwa kuwa siku ya mtihani alikuwa ziwani. Darasa lenyewe liliendelea kupungua. Wengine walihama kufuata samaki, wengine walibaki nyumbani kuuguza, wengine tuliwazika. Baadaye gugumaji likaja likafunika maji ya ufuoni, kijani kitupu mpaka mbali, boti zikakwama, na watu wakawa na mambo mengine ya kufikiria kuliko herufi. Wakubwa wangu walinihamishia Nyamasaria, nje kidogo ya Kisumu, nikafundishe vijana walioacha shule, na kanisa la udongo likabaki kuwa kanisa tu.

Nilimwona mara moja tena, miaka ya tisini ikiwa imesogea. Nilikuwa nimekwenda hospitalini mjini kumwona mama. Kwenye benchi la wanaongoja aliketi mtu mrefu, nywele zimeanza kuwa nyeupe kabla ya wakati, amempakata mtoto mwenye homa. Alinitambua yeye kwanza.

"Japuonj," aliniita, mwalimu, akasimama kunipa mkono.

Mtoto alikuwa wa mwisho wa kaka yake. Alikuwa na malaria, akaniambia, wala si kitu kingine; aliliweka hilo wazi upesi, kama watu wote walivyofanya siku zile. Tuliulizana habari za darasa. Tuliwataja waliokwenda kwa mahali walipokuwa wakiketi: yule wa karibu na dirisha, wale wawili wa benchi la mbele, yule aliyekuwa akisinzia. Benchi la nyuma lilikuwa limekwisha lote.

Nikamuuliza kama bado anasoma.

"Nikilazimika," alisema. "Bado zinanichosha. Wengine wanasoma kama wanakunywa maji. Mimi ni kama kuchimba kisima. Lakini leo nimeingia hapa, hakuna mtu niliyemuuliza njia." Akaonyesha kwa kidevu kibao kilichokuwa juu ya mlango, akakisoma herufi kwa herufi, kidole kikitembea hewani, mtoto akikifuata kwa macho yake yenye homa. Alichukua muda wake. Nilingoja.

Kisha muuguzi akafungua mlango na kuita jina la mtoto, naye akamweka vizuri begani, akaniaga, akaingia.